Njia ya Mwezini Kutoka Kulia

Jumamosi, 5 Desemba 1970
Skuli. Chaki imebaki nusu kijiti. Wasichana ishirini na tisa mkekani, na Kiarabu changu bado cha kuombea maji. Miaka sita tangu nitoke Unguja kuja huku kwa Waarabu! Kwa hiyo huchora. Leo nimenakili ramani ya safari ya mwezini kutoka gazeti la Kiingereza la kaka yangu: dunia kushoto, mwezi kulia, mstari baina yao. Wametulia tuli. Nimefurahi mno.

Jumapili, 6 Desemba
Zuwena hakuja. Ndiye mwepesi wa kufahamu kuliko wote. Amekuja baba yake, Bwana Hamed, amekasirika. Mtoto amewaambia nyumbani kuwa watu walitoka mwezini wakashuka duniani, mwalimu kawachorea. Anamwachisha skuli.
Bi Salma, mwalimu mkuu, amemwomba arudi kesho anisikilize. Kisha akanigeukia: "Nnakwambia kweli, mwanangu. Skuli ya wasichana ndo kwanza imefunguliwa. Huyu akimtoa wake, na wenziwe watawatoa."
Naona haya. Naogopa.

Jumatatu, 7 Desemba
Nimegundua nikifuta ubao. Wamesoma mchoro kama wasomavyo kila kitu, kutoka kulia. Mwezi kwanza, dunia mwisho. Wala sikutia mishale. Na mimi msahafu nimeusoma kutoka kulia tangu utotoni. Mjinga mimi.
Bwana Hamed alipofika nikachora upya: dunia kulia, mishale kila mahali. Bi Salma akitafsiri. Bwana Hamed akauliza mbona mstari wa chombo unaelekea patupu, mbele ya mwezi. Nikamwambia mwezi nao unakwenda. Wanalenga pale utakapokuwa siku ya tatu. Uso ukamlegea. Akasema ndivyo apigavyo paa anayekimbia, hulenga mbele ya pua.
Kisha akauliza, "Na kurudi?"
Nikachora mstari unaozunguka nyuma ya mwezi na kurejea. Nikamweleza kuwa huu huchorwa kabla hawajaondoka. Akaufuata kwa macho mpaka duniani. Akaaga. La Zuwena hakuligusa.

Jumanne, 8 Desemba
Zuwena amekuja. Baba yake amemfikisha mpaka mlangoni, akamwonyesha kwa kidole pahala atakapomngojea wakitoka. Nimeshukuru mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi la chaki.
Tumefanya hesabu za kujumlisha. Bi Salma amenipa kijiti kizima.
Saa saba, wakati wa kutoka, nimechungulia. Bwana Hamed alikuwa amesimama palepale alipomwonyesha mwanawe. Alhamdulillahi.