Chifu Anajila

Jumatatu, 6 Januari
Nimelisha samaki. Mvua tangu alfajiri. Chifu kaja juu nilipogonga kopo, kawaida yake. Hapa Mahongole hakuna kambale dume kama yeye. Wanging'ombe hakuna. Kesho nampasua.

Jumanne, 7 Januari
Wenzangu wote wakitaka mbegu wanamwua dume. Wavivu. Mimi nimehasi ng'ombe wa kata nzima, mkono wangu unajua. Nimempasua Chifu tumbo, nikakata kifuko cha mbegu cha kushoto, nikakikamulia kwenye beseni la mayai ya jike, nikakoroga kwa unyoya wa kuku. Kisha nikamshona kwa uzi wa nailoni. Anaogelea. Cha kulia sijakigusa, ni cha Pasaka. Nimeahidi mbele ya usharika mzima kwamba vifaranga vya bwawa la kanisa vitatoka kwa Chifu, si kwa dume mwingine. Mke wangu kasema ningeahidi samaki tu, jina la nini. Nimemwacha aseme.

Ijumaa, 10 Januari
Vimetoka! Beseni jeusi tii. Wanunuzi wa Wanging'ombe watachukua karibu vyote. Nabakiza vichache.

Jumamosi, 8 Machi
Kidonda kilishapona, kovu tu. Nimempasua tena, safari hii kulia, nikakata kipande tu, nikamshona. Mbegu nyepesi, kama maji ya mchele. Nimekoroga hivyo hivyo.

Jumatatu, 10 Machi
Mayai yote meupe. Yameoza. Jike ndiye mbovu.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeazima jike la jirani, Baba Edina. Nikafungua mshono wa Chifu, nikakata kipande kingine. Meupe tena. Baba Edina akaniambia, "Chifu amestaafu, mzee mwenzangu. Mpe kiinua mgongo." Sijalala vizuri.

Jumatatu, 17 Machi
Binti mtaalamu wa samaki, Vumilia, kaja na bodaboda kutoka Makambako mjini. Tukasalimiana, kamwene, kamwene. Kafungua hadubini yake. Anataka Chifu auawe aone ndani. Nimekataa. Nimemwambia nilifuga samaki kabla mama yake hajaolewa. Hakubishana. Kanywa chai kaondoka. Hiyo ndiyo imeniudhi.

Alhamisi, 20 Machi
Nimemwita Vumilia. Chifu nimemwua mwenyewe, mwingine asingemgusa.
Binti akakata kipande cha kifuko cha kulia, akaniambia chungulia. Vidude vya duara vimejaa, vimesongamana. Nikauliza ni wadudu wa bwawa la nani.
"Si wadudu, baba. Ni askari wa mwili wake mwenyewe. Wanakula mbegu."
Nikachungulia tena.
Kasema mbegu huja samaki akishakua. Askari wa mwili walishajifunza zamani nani wa nyumbani, mbegu hawazijui. Ndiyo maana kuna ukuta wa kuzificha. Mimi niliukata ukuta.
Nikamwambia kulia sikugusa mpaka Machi.
"Wakishaziona kushoto, baba, wanazifuata na kulia."
Samaki mzima, anang'aa, anakuja kwenye kopo, na ndani anajila. Nimepasua wanyama maisha yangu yote, sijawahi kuona wala kusikia. Na anayeziua si adui. Ni yeye.
Mke wangu kampika. Nimekula. Alikuwa mtamu. Hilo nalo limenishtua.

Jumapili, 23 Machi
Baada ya matangazo kanisani nimesimama. Nikasema vifaranga vya kanisa vitatoka kwa dume la Baba Edina, Chifu hayupo, nilimharibu kwa kisu changu. Nikaketi. Nilitaka wacheke. Hakuna aliyecheka. Baba Edina kanisogezea kitabu cha nyimbo.

Jumatano, 2 Aprili
Dume la Baba Edina tuliliua, tukalipasua kama watu wote. Vifaranga vimetoka vizuri.
Mvua nyepesi. Nimegonga kopo. Wale wa Januari niliobakiza wamekuja. Mmoja ana kichwa kipana kama cha Chifu, anawasukuma wenzake.
Huyo sitamshona.