Nembo ya Watu kwenye Gari la Harusi Yetu

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, ingawa nacheka peke yangu ninapoandika, maana nimeolewa mwezi uliopita tu na bado nikimsikia mume wangu akifungua mlango wa uani moyo unanidunda kama wa msichana wa Form Two, na shida niliyo nayo haitokani na ukosefu wa mapenzi, hata kidogo, mapenzi yapo mpaka majirani hapa Mbalizi wanatutania.

Mume wangu anaitwa Lutengano, ni fundi wa bodi za magari, mwenye mikono ambayo nikianza kuieleza barua hii haitaisha. Anayapenda magari ya zamani kama wenzake wanavyopenda mpira. Kabla hatujaoana alichukua pikapu mbovu iliyotelekezwa Ubaruku kwenye mashine ya mpunga, akaivua bodi yote, akaiundia mpya kwa kutazama picha moja ya gari la Kiingereza liitwalo Stanbrook, yale marefu ya kabla ya vita yenye taa kama macho ya bundi, na kwa kuwa Stanbrook wana nembo ya korongo anayeruka mbele ya boneti, akayeyusha sufuria zilizotoboka, akazimimina kwenye kalibu, akampata korongo wake, akaweka na jina, akang'arisha, basi Mshauri, ungeliona gari lile ungeapa limeshuka melini jana!

Gari hilo ndilo lililonichukua nyumbani kwetu Kihesa, Iringa, siku ya harusi. Baba yangu, Mzee Kalinga, alilizunguka polepole, kisha akawageukia wageni wote akasema, "Mnaona? Mkwe wangu ana Stanbrook halisi! Kutoka Uingereza!" Lutengano akatazama viatu vyake. Unajua kwetu mkwe hambishii baba mkwe, tena mbele za watu, sembuse siku anapokabidhiwa binti; jambo zito la ukweni hupita kwa mshenga. Na mshenga wetu, Jailos, mdomo ulikuwa umejaa wali. Mambo yakapita hivyo.

Sasa juzi bwana mmoja anayeiwakilisha kampuni ya Stanbrook hapa nchini alisimama Mbalizi kutia petroli, akaliona gari. Akacheka, akalipapasa, akamwambia mume wangu, "Kazi nzuri mno, fundi. Lakini huyu ndege ni wetu."

"Huyo nimemtengeneza mimi, bwana."

"Umemtengeneza, ndiyo. Ila jina na ndege ni alama ya biashara tuliyoiandikisha. Breki zako zikikataa mtu akaumia, atasema Stanbrook imemuumiza. Tuandikie uombe kibali. Tukilikagua tukaridhika tutakuruhusu, ila utabandika kibao kinachosema hili ni nakala. Hutaki, mng'oe."

Mshauri, mume wangu hakula siku hiyo. Mwisho wa mwezi huu wapenzi wa magari ya zamani wanafanya maonyesho Iringa, nasi tutalipeleka gari letu, na yule bwana ni mmoja wa waamuzi. Baba amekwishawaalika wazee wa kanisa waje kumwona akiingia uwanjani ameketi mbele. Gari likionekana ni nakala, Baba ataaibika mbele ya wenzake na huenda asimtazame tena mume wangu. Tukinyamaza, yule bwana atamuumbua mume wangu hadharani. Lutengano ananiambia, "Damari, bila korongo hili ni kabati lenye magurudumu." Nikimjibu hapana mpenzi, ni gari zuri kuliko yote duniani, anatabasamu lakini haniamini. Nimefikiria tumng'oe korongo, kisha niende mwenyewe nimwambie Baba kwamba ameibwa njiani. Je, nitakosea?

Wako mwenye furaha na wasiwasi,
Damari, Mbalizi


Damari mwanangu,

Marahaba, na hongera. Nimeyasoma mapenzi yako yote, pamoja na yale yasiyohusu gari.

Ati korongo ameibwa! Baba yako akiambiwa hivyo atakuwa polisi kabla hujamaliza kujifuta machozi ya uongo, na hapo mtafute na mwizi wa kumkabidhi. Futa wazo hilo.

Yule bwana hajawaonea. Mumeo ana haki ya kujivunia mikono yake, lakini jina la mtu si bati la kuokota. Fikiri fundi mwingine hapo Mbalizi aunde kigari cha ovyo, akiandike "Kazi ya Lutengano", kisha mlango udondoke barabarani. Ungeniandikia barua ndefu kuliko hii. Shukuruni kwamba amekuja na kicheko. Mwingine angekuja na wakili.

Tena kinachokusumbua wewe si ndege, ni baba. Mumeo siku ya harusi alinyamaza kwa adabu, nami simlaumu. Ila akimwacha mzee aingie uwanjani akiamini vile vile, hiyo si adabu tena, ni kumdanganya. Na mshenga mnaye! Mlidhani kazi ya Jailos iliisha aliposhiba?

Leo hii Lutengano achukue bisibisi, ang'oe korongo na jina. Aiandikie kampuni kuomba kibali, aseme wazi kwamba chini kuna pikapu. Wakikubali, korongo atarudi pamoja na kibao chake, wakikataa, asirudi. Wiki hii hii Jailos apande basi aende Kihesa, amkute mzee akiwa peke yake, amweleze kwamba mkwe wake hakulinunua gari bali aliliunda, na kwamba alinyamaza kwa heshima. Kisha amuulize kama bado anataka kuketi mbele. Akikasirika, heri akasirike nyumbani kwake kuliko uwanjani. Akishatulia, Lutengano apeleke gari, afungue boneti, amwonyeshe kila kiungo bila kujisifu. Sijui ni wazee wangapi wa kanisa pale wenye mkwe wa kuweza kazi kama hiyo. Hilo mwachieni Baba aligundue mwenyewe, naye atalitangaza kuliko mnavyotaka.

Na wewe, usimtangulie mshenga. Baki Mbalizi uhakikishe mumeo anakula. Mtu anayehitaji karatasi zote hizi kueleza nembo moja, akifika Kihesa atamsimulia baba yake kila kitu isipokuwa alichotumwa.