Kwa Brayo, Aliyerudia Kidato cha Nne

Kaka yangu Brayo,

Matokeo ya mtihani yametoka na nimepata D. Hata si ile yenye alama ya kujumlisha pembeni, ambayo mtu anaweza kuisema haraka haraka ikapita. Ni D tupu. Nakuandikia wewe, huko uliko kwenye udongo wa Webuye, kwa sababu katika nyumba yetu ni wewe peke yako uliyewahi kusimama hapa niliposimama. Wengine wote waliokuja kunipa pole wamenishauri hadi kichwa kinauma, na hakuna aliyeniuliza ninaogopa nini.

Waliokuja ni wengi. Unaijua Kianda, mtaa wetu, mtu akifeli ploti nzima ya wapangaji inajua kabla mwenyewe hajamaliza kusoma simu. Mama Faith wa chumba cha mwisho alinifuata hadi bombani akaniambia, "Pole mrembo. Lakini si hata D ni herufi?" Nilicheka, Brayo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu matokeo yatoke. Kisha nikarudi ndani na mtungi nusu, nikalia hadi Mama akarudi kazini.

Unakumbuka jina tulilolipa gonjwa letu? Daktari alisema ni selimundu, Mama akasema ni damu, majirani wakasema mambo yao. Wewe ukasema ni Keateka. Kwa sababu Keateka wa ploti, yule mtunza nyumba anayedai kodi, habishi hodi kwa miadi, anakuja akitaka, anasimama mlangoni hadi apate chake, na ukimwomba arudi kesho anapandisha hasira. Tulipokuwa shule ya msingi ulikuwa ukimtuma mtoto yeyote darasani kwetu aniambie, "Brayo anasema Keateka amekuja," na mwalimu alidhani ni mambo ya kodi. Mimi nilijua niinuke nikuletee sweta na maji, kisha nikae nawe nyuma ya darasa ukiuma kola ya shati hadi maumivu ya mifupa yapungue. Na siku yangu ikifika, ulifanya vivyo hivyo.

Kule kliniki tulikuwa tukiwapa gredi watu wa maabara. Anayeupata mshipa mara ya kwanza, A. Anayedunga mara mbili na kuomba msamaha, C. Yule kijana aliyetudunga mkono mzima huku akiongea na simu tulimpa E na tukajadiliana kama tumfukuze shule. Halafu kulikuwa na yule mama wa miwani, aliyekuwa akiushika mkono wako kwanza hadi upate joto, anaugonga kwa vidole viwili, na kabla hujakunja uso damu iko kwenye chupa. Siku moja ulimwambia, "Madam, umepass." Akakujibu bila hata kutabasamu, "Asante mwalimu. Andika vizuri kwa ripoti." Tukirudi nyumbani nikakuambia hiyo ndiyo kazi ninayoitaka. Ukasema, "Basi shika Kemia, wacha kuringa na Kiswahili." Tangu siku hiyo sikuwahi kutaka kitu kingine. Hicho kidogo ndicho nilichokuwa nacho.

Mwaka wako wa kidato cha nne Keateka alikuja katikati ya mtihani, ukapata D na kijumlisha chake. Kila mtu akasema kilichofeli ni mwili, kichwa hakikufeli, kwa hiyo urudie. Mama aliliamini hilo kuliko mtu yeyote. Ukarudia. Wale watoto wa darasa jipya wakakuita Guka, yaani babu, nawe ukawa unatembea umeinama na kukohoa makusudi ili wacheke. Kila asubuhi ulitoka na ile skafu ya Mama ya zambarau shingoni. Julai ikaja na baridi yake, Keateka akashuka kifuani, na hukufika kwenye mtihani wa pili. Skafu ilirudi nyumbani peke yake kwenye mfuko wa plastiki. Sijawahi kumwona Mama akiivaa tena.

Sasa nikueleze yangu.

Kanisa letu lilifanya kama linavyofanya kila mwaka. Wiki moja kabla ya mtihani wa kitaifa sisi watahiniwa tuliitwa mbele, tukapiga magoti, kalamu na rula zikapakwa mafuta, kisha pasta akatangaza mfungo mkavu wa siku mbili kwa ajili yetu. Hakuna chakula, hakuna maji. Ulipokuwa hai, kwa kuwa tulijua kiu humwita Keateka, siku za mfungo mkavu ulikuwa ukiniambia kwa sauti ili Mama asikie, "Nafu, mdomo unanuka, enda upige mswaki." Unanipa kikombe cha maji kilichojaa hadi juu na mswaki mkavu. Nilikuwa napiga mswaki asubuhi, mchana na kila nikihisi kiu, na Mama akajisifu kwa kina mama wenzake kwamba watoto wake ni wasafi. Nilipokuuliza kama ni dhambi ulisema, "Mungu ndiye alitengeneza figo. Anajua inataka nini."

Mwaka jana hukuwepo. Mama alifunga Ijumaa na Jumamosi, akaenda mtaa wa Ayany kufua nguo za watu akiwa hajaonja kitu, akarudi midomo imepasuka na mikono imekunjamana kwa maji ambayo hakuyanywa. Alikuwa anateseka kwa ajili yangu. Ningeinua vipi kikombe mbele yake? Tulipokuwa wawili ulikuwa utani wetu. Nikiwa peke yangu na yeye katika chumba kile kimoja, ilikuwa kama kumtemea mate. Nikafunga naye. Tulishikana mikono tukaomba nipate B.

Karatasi ya Kiingereza niliiandika vizuri. Ya kwanza ya Hisabati niliifanya huku mgongo ukianza kunong'ona. Baadaye hakukuwa na kunong'ona tena, nikabebwa. Kemia nimeifanyia wodini, Brayo. Drip ilikuwa mkono wa kulia kwa kuwa ule mwingine mishipa yake iligoma, kwa hiyo nikaandika kwa mkono wa kushoto. Msimamizi alikaa upande huu wa kitanda, polisi na bunduki yake upande ule, nisije nikaiba mtihani. Bibi wa kitanda jirani aliambiwa asiongee na mimi, naye akawa ananikonyeza tu kunipa moyo. Ile dawa ya maumivu ilinifanya nione swali moja mara mbili, nikalijibu mara mbili. Ungekuwepo ungesema nidai maksi mara mbili.

Basi sasa kuna njia, wananiambia. Neno hilo wanalipenda sana, njia.

Madam Naibu, naibu wa mkuu wa shule yetu, amesema nirudie. Ananihesabu mimi kama mtu wa C na kijumlisha hata nikiwa na usingizi, na anasema nisichelewe, kwa sababu wanafunzi wa mfumo wetu wanakwisha, nyuma yetu wanakuja wale wa mtaala mpya, na karibuni mtihani huu hautakuwepo wa kurudiwa. Kuna chuo cha ufundi, ambako D inakubaliwa: ushonaji, mapishi, mambo ya umeme. Maabara haimo. Nimeuliza, dada wa dirisha la usajili akaniangalia kama niliyeomba kiti cha waziri. Mjomba anasema niende Webuye nikapumzike, ila wewe na mimi tunajua malaria ya kule ilivyotufanya kila Desemba. Halafu kuna Auntie Robai, dada yake baba, mwenye saluni pale kituo cha Kawangware 56 nyuma ya duka la mabati. Anasema nije nijifunze kusuka na kuosha nywele, nikichoka nikae.

Kila njia nikiiweka mbele ya mwili huu inapungua. Kurudia ni Julai nyingine. Kushona ni mgongo. Saluni ni kusimama kutwa na mikono ndani ya maji baridi. Watu wenye afya wakiambiwa wachague, wanachagua wanachokipenda. Mimi naangalia kipi kitachelewa kunilaza kitandani. Bado nilitaka kurudia. Nilikuwa nimeshaipiga pasi sketi.

Jumapili iliyopita Mama hakwenda kanisani. Alikaa kitandani akikunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Mwalimu amenipigia," akasema. "Anataka urudie."

"Hata mimi nataka, Mum."

"Brayo pia alitaka."

"Mimi si Brayo."

"Najua. Brayo alikuwa na nguvu kuliko wewe."

Akaendelea kukunja, kisha akaanza kuongea bila kuniangalia. "Ile wiki nilikufungisha. Daktari akaniuliza, huyu msichana huwa anakunywa maji? Nikamwambia ndio, sana. Nilimdanganya mtu na Biblia iko kwa mkoba. Unafikiria sijui ni nini ilikuweka wodi?"

Miezi yote hii nilikuwa nimemficha kuwa ni mfungo ulionilaza, nikidhani akijua itamuua. Alijua kabla hata drip haijawekwa. Ndiyo maana siku za mfungo sasa anakunywa chai mlango ukiwa umefungwa, na mimi nilikuwa nikifikiria ni uzee.

"Mum, nikirudia sitafunga. Nitakunywa maji, nitavaa vizuri," nikamwambia. "Nitachunga."

"Hata yeye alichunga." Akaiweka nguo chini. "Nafula, mimi cheti nimeomba mara mbili. Mara ya kwanza Mungu alininyima cheti na akachukua mtoto. Mara ya pili akaninyima cheti akaniachia mtoto. Siendi kuomba mara ya tatu. Nasikia uoga."

Nilimkasirikia, Brayo. Nilimhurumia, na bado nilimkasirikia, kwa sababu ananiombea niishi na hakuna anayeniuliza nitakuwa nikiishi nikifanya nini. Na wewe pia nilikukasirikia. Ungerudia ukapata hata E, lakini ukarudi nyumbani, mimi ningekuwa na la kumjibu. Ningesema, mwangalie Brayo, alirudia na huyu hapa anakula chapati. Sasa kila nikifungua mdomo, wewe ndiye jibu lake. Sijakulaumu. Ni hasira tu, na haina pengine pa kwenda.

Juzi nilimpigia Madam Naibu nikamwambia sirudii. Akasema sawa, Nafula, nafasi yako nitampa mwingine, ila umenivunja moyo. Sikumwambia kuwa na mimi nimevunjika. Mama alikuwa pembeni anasonga ugali, na niliona mabega yake yakishuka kama mtu aliyetua mzigo. Usiku huo alikoroma. Sikuwa nimemsikia akikoroma tangu tukuzike.

Jumamosi nilienda Kawangware kuona kazi. Auntie Robai ni mwema, ana kelele na anacheka peke yake. Alinipa kichwa cha mteja nikioshe, na maji ya mtungi yalipoingia kwenye vidole nikahisi yanapanda hadi kiwikoni, nikaendelea. Mteja akaniuliza kama nimetoka shule. Nikasema ndiyo. "Na ulipata ngapi?" Nikamwambia nilikuwa mgonjwa. Akasema, "Woiye," akafumba macho nimkande kichwa. Auntie akaongeza sauti ya redio. Naanza Jumatatu.

Kanisani wanasema nimekomaa, nimekubali mapenzi ya Mungu. Mama Faith anasema ususi una pesa kuliko ofisi. Nawaitikia wote. Ukweli ni kwamba sijui kama nimechagua kuishi au nimekata tamaa. Mtu akiniangalia kutoka nje mambo hayo mawili yanafanana, na mimi niliye ndani bado sijaona tofauti. Nikipita karibu na maabara yoyote naangalia upande mwingine.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Maisha yangu yote nimekuwa nikitembea nyuma yako. Ulipoteza meno kabla yangu, ulilazwa kabla yangu, ulifeli kabla yangu, na kila nilipofika mahali pabaya nilijua umeshapita hapo na ukapafanyia mzaha. Lakini wewe ulisimama kwenye miaka kumi na tisa na siku chache, na mimi ninazidi kusogea. Mwezi wa tatu nitakupita. Nitakuwa mkubwa wako, Brayo, na huko mbele hujawahi kwenda uje uniambie kukoje.

Pumzika. Sikuulizi kitu tena.

Ni mimi, dada yako mdogo hadi mwezi wa tatu,
Nafu