Sawa, Endelea

Jumatatu, 4 Agosti

Madrasa ya wasichana kule Makurunge inatafuta mwalimu wa kuhifadhisha Kurani. Bi Maulida, aliyenihifadhisha mimi utotoni, kaniletea salamu: Alhamisi niende kwake Bagamoyo anisikilize. Nikipita, kazi yangu.

Juzuu ninazo kifuani, na tangu niolewe sijaacha kuzirudia. Ndilo sharti nililoweka mbele ya baba siku ya posa: kila alfajiri mume ashike msahafu, anisikilize, anisahihishe. Amin akakubali huku anacheka. Na hajakosa, hilo nampa.

Jumatano, 6 Agosti

Leo sura ya Maryam yote, mwanzo mwisho. Amin kila aya: "Sawa, endelea. Sawa, endelea." Sijakwama popote. Raha!

Alhamisi, 7 Agosti

Sijui niandike nini.

Bi Maulida kaniambia nisome Maryam. Sijafika mbali, kagonga meza. Nikarudia — kagonga palepale. Kumbe naruka aya, na naruka pale pale kila mara, kwa sauti tamu, bila wasiwasi wowote! Akafunga msahafu. Kasema aliyesahau hukumbushwa, yakaisha. Mimi sikusahau. Nimehifadhi makosa, nayo kwa kurudiwa miaka yote hii yameota mizizi. Akauliza nani ananisikiliza. Mume wangu. Akaniangalia kwa huruma — afadhali angenitukana.

Kanipa wiki moja nijirekebishe, nirudi anisikilize tena.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemuuliza Amin. Kwanza kacheka, kisha kanuna. Eti alfajiri ana usingizi, mananasi hayajipalilii, na sauti yangu nzuri, angejuaje? Sasa msahafu alishika wa nini? Pambo? Kasema sina shukrani: waume wangapi hapa Fukayosi wanaamka kuwasikiliza wake zao?

Kweli, wangapi. Lakini ningekuwa peke yangu ningejua sina msahihishaji, ningefungua msahafu mwenyewe. Yeye kanifanya nijiamini. Hilo ndilo lililonikaa rohoni, na kumsamehe siwezi.

Jumamosi, 9 Agosti

Alfajiri kakaa mkekani, msahafu wazi mapajani. Kaapa leo atakuwa makini. Roho yangu haitaki, lakini nikakaa. Wiki yenyewe ndiyo hii, na msikilizaji mwingine sina.

Nikaanza Maryam. Aya mbili tu, na ya tatu nikaikata katikati makusudi, nikanyamaza. Kimya kabisa. Nikamtazama: kichwa kainamisha, kidole juu ya mstari.

"Sawa," kasema. "Endelea."