Upande wa Baba Hawa kwenye sinia

Ijumaa, baada ya Isha

Na mimi sasa niko na sukari. Lakini si hiyo inayoniliza.

Muuguzi alinieleza leo: nile polepole, wali kidogo, mboga ya lengalenga nyingi, nitembee kila jioni. Nikamwambia nayajua yote, nilimfanyia marehemu mume wangu, Baba Hawa, miaka miwili. Nilimpikia chakula chake mbali, kwenye sahani yake ndogo, akawa anakula peke yake karibu na dirisha ili asitamani wali wetu.

Muuguzi akashangaa. "Mbali kwa nini, Maman? Watu wote wa nyumba wakule kama ye. Ni chakula kizuri kwa kila mutu."

Watu wote wa nyumba. Bon, haya.

Alikula polepole kweli, Baba Hawa. Nilidhani ananitii. Siku moja tu alisema, "We Mwajuma, nitakula kidogo, lakini munirudishe kwa sinia." Nikamjibu kwa ukali kwamba nataka apone. Hakuomba tena. Alikufa kabla ya Ramadhani, na mimi nilijisifu msibani kwamba nilimtunza.

Leo jioni nimepika chungu kimoja, maharage na lengalenga, nikaweka sinia chini mkekani. Hawa na mdogo wake wakakaa kila mtu upande wake, kama zamani. Upande wa baba yao hakuna aliyeugusa, na hatukuwa tumepatana hivyo.

Tulipomaliza, chakula chake kilikuwa bado pale. Kidogo tu. Kingeenea kwenye ile sahani yake.