Safu ya Kulia

Jumatatu, 3 Machi
Nimebana majani ya nyanya za safu ya kushoto kwa kibano, kama kiwavi anayetafuna. Safu ya kulia haiguswi kabisa, ndiyo ya kulinganishia. Siku za amani, RNA ndogo – vipande vifupi mno vya kemikali ya urithi! – huzinyamazisha jeni za ulinzi. Jani likijeruhiwa, vipande vinapungua, jeni zinaamka, mmea unatengeneza sumu yake. Hata jani la pembeni hupata habari.

Mimi nikiumia, nani atapata habari? Dada hajapiga simu tangu tumzike mama. Sahani moja, kijiko kimoja, redio.

Jumatano, 5 Machi
Bwana Mpira, mzee anayemwagilia banda la mimea, kaniuliza kama nimeolewa na hizi nyanya. Nimecheka! Ndiye pekee anayenisemesha humu.

Alipotoka nikawaonea huruma nyanya wale wa safu ya kulia. Kila siku nahangaika na wenzao. Nikawasalimia, nikawapapasa jani moja moja. Majani laini. Harufu yao nimerudi nayo nyumbani vidoleni.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewapapasa tena. Najisikia nafuu.

Alhamisi, 13 Machi
Majibu ya vipimo vya majani yametoka. Mabaya! RNA ndogo za safu ya kulia zimepungua sawasawa na za kushoto. Mimea mizima, na inajihami kama iliyoliwa.

Profesa, msimamizi wangu, kakunja uso. Anasema kuna mtu kaichezea, maana mmea ukishikwashikwa tu huhesabu kwamba umevamiwa. Najua. Somo la mwaka wa kwanza hilo. Lakini mkono wangu ulikuwa mpole – nikadhani upole hauhesabiwi.

Ijumaa, 14 Machi
Profesa kamshukia Bwana Mpira. Eti anaburuta mpira wa maji juu ya majani. Mkataba wake unaisha mwezi huu, hapewi mwingine. Mzee hakubisha. Kasema macho yake si ya zamani, huenda kweli kapita vibaya.

Nami nilikuwepo, kimya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimejichukia siku nzima.

Jumatatu, 17 Machi
Naandika nimesimama, nje ya mlango wa Profesa. Nimebisha hodi, kasema nisubiri, yuko kwenye simu.

Nikisema, banda nanyang'anywa, na utafiti wangu basi. Sitabaki hata na nyanya wa kuwasalimia. Nisiposema, mzee wa watu anakwenda zake na kosa langu.

Kapita sasa hivi, mpira kaukunja begani. Kaona uso wangu. "Usihuzunike, mwanangu," kasema. "Nyanya zitaota nyingine." Akanipigapiga bega, akaenda.

Mkono wake ulikuwa umelowa maji. Hakuna aliyenigusa tangu siku ya mazishi. Natetemeka mwili mzima – kwa mkono mpole vile!

Simu imekatwa. Profesa anasema ingia. Bega langu bado bichi, nami naingia kusema ni mimi.