Karani na Ngome

Rumonge, siku ya Ijumaa

Kwa Mama Furaha, mke wangu mpendwa, uliyelala Kizuka,

Amahoro. Pokea kwanza salamu zangu za heshima, na baada ya salamu upokee ombi langu la msamaha kwa kuchelewa kukuandikia. Si kwamba nilikusahau. Mapadre walionifundisha kushika kalamu walisisitiza kwamba barua ya mtu mwenye adabu huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa, na kwamba asiyeuliza hali ni sawa na mtu aliyeingia nyumbani kwa watu bila kupiga hodi. Kila nilipoketi mezani nikaandika "Natumaini barua hii itakukuta", mkono ulikataa kuendelea. Ikukute vipi? Nilifunika kalamu, nikaenda kukaa uani. Mwaka wote umekwisha hivyo. Leo nimeamua kuruka mahali hapo, na kwa utovu huo wa adabu nakuomba radhi.

Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo mnafahamiana. Furaha wetu bado anafundisha Nyanza-Lac, na watoto wake wamerefuka. Ziwa limepanda. Lilianza kulamba ile njia ya chini ambako akina mama walikuwa wakianika ndagala, wale dagaa wetu, kisha likaingia katika nyumba za watu. Jirani yetu Baba Divine amehamia juu, karibu na barabara kuu, yeye na televisheni yake na dishi lake. Kwa hiyo siku hizi kwenda kutazama mpira wa kikapu ni kupanda mlima, nami hupanda polepole, nikisimama mara kwa mara na kujifanya nalitazama ziwa.

Mimi huenda huko kila Jumapili baada ya misa, kama tulivyozoea, kutazama marudio ya michezo ya wale wachezaji wa kulipwa wa Amerika. Kiti chako kipo. Mwaka huu Baba Divine alikuwa akiweka kofia yake juu yake, pasionekane patupu. Namshukuru kwa wema huo.

Juzi nilicheka peke yangu nilipokumbuka jinsi tulivyowapa wale watu majina. Tuliona haya kubishana kuhusu wachezaji mlangoni pa kanisa, padri akitusikia, ndipo wewe ukamwita wako Karani, kwa kuwa aligawa mpira kama karani wa posta agawavyo barua, kila mtu ya kwake mkononi. Mimi nikamwita wangu Ngome, kwa kuwa alisimama chini ya kikapu na mikono yake mirefu kama makasia, na hakuna kilichopita. Unakumbuka padri alivyotuuliza, kwa uso wa mtu anayetaka kusaidia, huyo karani mnayemsifu hivi anafanya kazi katika ofisi ya komini gani? Ukamjibu bila kupepesa macho: "Amestaafu, padri." Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka.

Hatukuwahi kuafikiana, Mama Furaha. Miaka yote ya ndoa yetu, swali lilikuwa moja: kati ya wote waliowahi kuucheza mchezo ule, ni nani bora? Vijana walikuja na yule wao anayetupa kutoka mbali kana kwamba kikapu kimemkosea, tukawasikiliza kwa adabu, kisha tukarudi kwa wawili wetu. Nilijua tangu zamani kwa nini ulimpenda Karani. Masista wa Uvira walikuchezesha pekupeku katika timu ya shule, na kazi yako ilikuwa hiyohiyo, kuwapa wenzako mpira wafunge wao. Ulikuwa ukisema: "Mimi sikufunga hata siku moja, lakini waulize waliofunga." Nilipenda sana kukusikia ukilisema hilo. Sikulikubali, lakini nililipenda.

Naikumbuka ile alasiri ulipotandika mkeka uani ukapanga chikichi tano kunionyesha jinsi Karani alivyoufungua uwanja. Hii hapa inakimbia, hii inamvuta adui, hii inabaki peke yake, umeona? Nikachukua chikichi kubwa kuliko zote, nikaiweka mbele ya kikapu, yaani mbele ya kata yako ya kuchotea mawese, nikasema huyu ni Ngome, sasa pita. Ulikuwa bado unatafuta pa kupita kuku alipokuja akamdonoa Ngome akakimbia naye. Ulicheka ukalala chali kwenye mkeka. Ukaniambia, "Hata kuku amempita!" Kwa wiki nzima kila aliyekuja kununua mawese aliambiwa habari ya kuku.

Sasa nikueleze kilichonisumbua mwaka huu kuliko hata goti.

Ulipoondoka, watu waliacha kunibishia. Unajua desturi yetu: mfiwa hapingwi mpaka siku ya kuganduka, siku ile matanga yanapoondolewa rasmi. Wanafanya hivyo kwa huruma, na huruma yao naiheshimu. Lakini nilipanda kule kwa Baba Divine Jumapili ya kwanza, nikasema Ngome ndiye bora, nikangoja. Baba Divine, ambaye zamani alikuwa akinirukia kabla sijamaliza sentensi, aliinamisha kichwa akasema, "Iko vile, mzee." Wengine nao wakasema, "Iko vile." Jumapili iliyofuata nikasema kwamba yule kijana wa kutupa kutoka mbali asingeingia hata katika timu ya masista. Wale vijana wake wakatazama sakafu. "Iko vile, mzee." Mwishowe, Mungu anisamehe, nikasema kwamba nimefikiri sana na nimeona aliye bora kuliko wote ni yule mtu anayeingia na kitambaa kufuta jasho sakafuni. Nilitumaini angalau mtu mmoja angecheka. Baba Divine akanimiminia chai. "Iko vile, mzee," akasema, kwa upole ambao sijui niulinganishe na nini.

Nilishuka nikiwa na upweke mkubwa kuliko ule wa siku ya mazishi. Siku ya mazishi walau watu walikuwa wakilia nami.

Naomba ruhusa yako niguse jambo la hospitalini, ambalo hakuna anayelijua ila sisi wawili. Asubuhi ile daktari alinivuta kando kwenye ukumbi, akaniambia kwa Kifaransa cha taratibu siku zako zilizokuwa zimebaki. Nilirudi kitandani kwako nikitafuta zawadi ya kukupa, na sikuwa na nyingine. Nikaanza kusema, "Mke wangu, nimewaza, huenda Karani..." Ukaushika mkono wangu kwa nguvu nisiyojua ulikuwa umeiweka wapi. Ulisema: "Baba Furaha, usinikubalie. Ukinikubalia nitajua daktari amekuambia kitu."

Nilitazama dirishani mpaka uso wangu ukarudi mahali pake. Kisha nikasema kwamba Karani wako hawezi kumzuia hata mbuzi asiingie shambani. Ukafumba macho ukacheka bila sauti. Ukasema, "Na Ngome wako hampi mtu hata maji ya kunywa." Nikakujibu. Ukanijibu. Tuliendelea hivyo siku zilizosalia, mimi nikikubishia, wewe ukinishinda kwa sauti inayopungua. Mara ya mwisho nilisema hoja yangu nikangoja zamu yako, na zamu yako haikuja.

Samahani. Naendelea.

Kuganduka kulifanyika Kizuka, kwa kaka yangu, chini ya maturubai. Watu walikuwa wengi, wa kwetu na wa kwenu, hata jamaa waliovuka kutoka Uvira. Ulisemwa vizuri. Msemaji wa ukoo alikuwa Mzee Leonidasi, na unajua anavyopenda mambo yaende kwa utaratibu. Kabla ya kuondoa matanga aliuliza, kama iulizwavyo, iwapo kuna neno lililobaki kati ya marehemu na walio hai, lifungwe pale mbele ya watu, kwa maana baada ya siku hiyo halifunguliwi tena. Mama mmoja wa sokoni alisema mliwahi kununiana kwa ajili ya kivuli cha kuuzia mawese, na kwamba amekusamehe, nawe umsamehe. Watu wakaitikia.

Ndipo Mzee Leonidasi akanigeukia akitabasamu. Alisema, "Na nyinyi wawili? Rumonge nzima inajua. Mzee mwenzangu, leo mwachie mama ushindi wake. Sema tu: Karani. Tufunge, tunywe."

Watu wakapiga makofi. Ulikuwa wema mtupu, Mama Furaha, sikuona ubaya kwa mtu yeyote. Furaha alinitazama, macho yamejaa, akasema kwa midomo tu, "Baba, sema." Nikasimama. Neno lenyewe ni fupi. Nilijua kwamba nikilitamka kila mtu atalia vizuri, tutakunywa, na jambo letu litakunjwa na kuwekwa pamoja na mavazi yako. Lakini niliuona mkono wako juu ya wangu, na nikaona kwamba kukukubalia ni kukuambia kile ambacho daktari aliniambia.

Nikaomba radhi kwa msemaji. Nikaomba radhi kwa ukoo wangu, kwa ukoo wako, na kwa wageni waliotoka mbali. Nikasema: "Siwezi. Aliye bora ni Ngome. Mama Furaha alikosea, na bado anakosea."

Furaha alifunika uso. Mzee Leonidasi alibaki na mkono hewani, kama mtu aliyesahau alichotaka kushika. Kisha Mapendo, mdogo wako, aliinuka kutoka kwenye mkeka wa wanawake, kitambaa chake cha kichwani kimelegea, akapaza sauti:

"Shemeji! Hata leo? Unamukatalia dada yangu hata leo, mbele ya watu?"

Nilidhani atalia. Hakulia. Alinyoosha kidole. "Na huyo Ngome wako, ile mipira alikuwa anazuia, alikuwa anaitupa wapi? Inje! Kwa watu wenye wamejikalia! Karani angeiokota, angemupa mwenzake!"

Ilikuwa hoja yako, neno kwa neno, ile uliyozoea kunitolea jikoni. Sijui alikuwa ameihifadhi wapi mwaka wote. Nikamjibu kwamba mpira ulioko nje haumfungi mtu. Akanijibu kwamba wala haumshindishi mtu. Mvuvi mmoja wa upande wa kwenu akasema sote wawili ni wazee, bora ni yule kijana wa kutupa kutoka mbali, akazomewa. Mama wa sokoni akauliza Karani ni nani, akaelezwa na watu watano kwa pamoja. Na katikati ya kelele zile Baba Divine alinishika bega, akaniambia usoni, "Hapana, mzee. Hapo unakosea kabisa."

Nililia, mke wangu. Watu walidhani wamenikosea, wakanyamaza ghafla, ikanibidi niwasihi waendelee. Mzee Leonidasi alijaribu mara kadhaa kurudisha utaratibu, kisha yeye mwenyewe akasema kwamba kwa maoni yake ni Karani, lakini kwa kuwa pande mbili hazikupatana, jambo hili linabaki wazi, na ukoo utalazimika kulibeba hivyo. Ndivyo matanga yalivyoondolewa. Mambo yako yote yamefungwa isipokuwa moja.

Nakuomba radhi kwa kukukatalia hadharani, siku ambayo ilikuwa yako.

Sitakudanganya kwamba nimepona. Mapendo sasa anakuja kwa Baba Divine kila Jumapili, ameiondoa kofia na kukaa kwenye kiti chako, na ananibishia kwa ukali. Namshukuru. Lakini yeye hubishana ili ashinde, nawe ulikuwa ukibishana huku ukiniongezea chakula kwenye sahani. Jioni nikila peke yangu bado hutamka, "Lakini Ngome..." kisha hukaa nikisikiliza maji, ambayo siku hizi yako karibu sana na ukuta. Furaha anataka nihamie kwake. Huenda nitakubali kabla ya mvua. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, usije ukaniwaza mahali ambapo sipo.

Lala salama, Mama Furaha. Asante kwa kila kitu ambacho sikuwahi kukushukuru, kwa kuwa nilidhani wakati upo. Nakuahidi hivi: nitakupinga kwa heshima yote maadamu nina sauti, na ikiwa iko siku nitakayokukubalia, nitakukubalia mbele yako, mimi na wewe, bila mashahidi.

Goti langu haliwezi tena kile kilima cha makaburini. Kwa hiyo barua hii itachukuliwa na Mapendo, ambaye anakwenda Kizuka kesho na maua, naye ataisoma kwa sauti akiwa karibu nawe. Nimemwomba asiongeze neno lake hata moja, amekataa kuahidi. Atakapofika pale penye habari ya hospitali pengine atanyamaza, kwa maana hajaisikia bado. Mvumilie kidogo, ataendelea.

Mume wako mtiifu,
Baba Furaha